Kaza Mpaka Mwisho

Kwa majuma matatu bastola ilikaa juu ya meza yangu ya kusahihishia madaftari hapa Somanda, na kila jirani aliyeingia kunijulia hali aliitazama, akanitazama, kisha akauliza habari za watoto. Niliwaeleza kwamba haiui. Ni bastola ya gesi, chombo cha daktari wa mifugo cha kumrushia ng'ombe mkali sindano ya usingizi kutoka hatua kumi au kumi na tano. Waliniitikia kwa adabu. Neno "bastola" lilitufikia kutoka kwa Wareno, na tangu lishuke pwani halijawahi kubeba habari njema. Sikutegemea lijirekebishe sebuleni kwangu.

Ilikuwa mezani kwa sababu ilikuwa imeharibika, na iliharibika kwa sababu yangu. Mimi sijawahi kuifyatua. Nilichofanya ni kuandika maneno.

Shemeji yangu ni daktari wa mifugo. Bastola aliachiwa na mwenzake aliyekuwa akifanya utafiti upande wa Serengeti na ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha. Ilikuja ndani ya kisanduku cha plastiki, pamoja na kijitabu cha Kiingereza chenye herufi ndogo. Msaidizi wa shemeji, kijana wa miaka ishirini na mitatu, ana mikono yenye akili kuliko mikono yote niliyopata kuiona, lakini Kiingereza kilimpita darasani kama basi lililojaa. Basi shemeji akaja jioni moja na kijitabu mkononi. "Mwalimu, wewe ndiye mtu wa Kiswahili. Mfasirie huyu kijana, maana mimi siwezi kuwa naye kila boma."

Nilifurahi, na sitaficha jambo hilo, kwa sababu ndipo kosa lilipoanzia. Mtu aliyezoea kufundisha ngeli na kuhesabu mizani hapewi mara nyingi kazi ambayo kesho yake itashikwa mkononi na kutumika. Nilikaa nayo jioni sita. Nilifungua kamusi. Nilijua kwamba mtutu wa bunduki una jina jingine la zamani, kasiba, ambalo kwa Kiarabu linahusiana na unyasi au tete, na nikaliandika. Springi nikaiita kamani, kama ile ya saa, nikakumbuka kwamba kwa Kiajemi kamani ni upinde, na nikaona fahari kuuweka upinde ndani ya bastola pasipo mtu kujua.

Lakini neno lililonikesha ni lile la msukumo wa gesi. Vitabu vya sayansi vina "kanieneo", lililoshonwa kutokana na kani na eneo, nalo ni neno la haki kabisa, kwa kuwa kitu chenyewe ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Watabiri wa hali ya hewa husema "mgandamizo". Hospitalini kuna shinikizo la damu, na katika magazeti kuna mashinikizo ya kila namna. Gereji, na kwa kila fundi wa baiskeli kuanzia hapa hadi Lamadi, kuna "presha" peke yake. Nikachagua kanieneo. Nilijiambia kwamba lugha haikui kwa kuogopa maneno yake yenyewe. Bado naamini hivyo, ila sasa naamini kwa sauti ndogo.

Inafaa nieleze chombo chenyewe, maana bila hivyo hutaona lilipojificha kosa. Ndani ya mpini wa bastola huingizwa mtungi mdogo wa chuma, wenye unene wa kidole gumba, ambamo zimo gramu 12 za kabonidayoksaidi iliyoshindiliwa hata ikawa kimiminika. Kifuniko cha mpini kikizungushwa, mtungi husukumwa juu, na ncha ngumu ya chuma huitoboa shingo yake. Papo hapo gesi hutaka kutoka. Kinachoizuia isipite pembeni ni pete moja ya mpira, nyembamba, ambayo mafundi wote huiita oringi. Si pete ya kuidharau. Katika joto la nyuzi 20 gesi hiyo husukuma kwa nguvu ya bar 57 hivi, wakati tairi la gari dogo lina bar mbili na kitu. Ikipoa, nguvu hupungua. Kwenye nyuzi sifuri hubaki bar 35 tu. Ndiyo maana ukifyatua mfululizo bastola hulegea kabla gesi haijaisha. Kila kimiminika kinapogeuka kuwa gesi hukokota joto kutoka mtungini, na chuma hupata ubaridi hata kutokwa jasho. Ukiiacha ipumzike kidogo, hurudiwa na nguvu zake. Basi, ukivuta kifyatulio, nyundo ndogo hugonga valvu, valvu hufunguka kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, na gesi iliyotoka huisukuma sindano mtutuni.

Sindano nayo ina siri yake. Ni bomba lenye vyumba viwili: mbele dawa, nyuma hewa iliyoshindiliwa, katikati kizibo kinachoteleza. Tundu la sindano haliko kwenye ncha bali ubavuni, na limevikwa kisoksi cha mpira. Sindano ikizama mwilini, ngozi hukirudisha kisoksi nyuma, tundu hufunguka, na ile hewa husukuma dawa yote ndani. Ikigonga kwa unyonge, kisoksi husogea nusu. Dawa nayo huingia nusu.

Hayo ndiyo yaliyotokea katika boma moja nje ya mji, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, watu wakiwa mashambani wanavuna pamba. Fahali alikuwa amevunjika pembe karibu na kichwa na funza wameingia. Hakuna aliyeweza kumkaribia. Kijana alipiga vizuri, begani, mahali pake. Wote walisema sindano iliruka kama imetupwa kwa mkono. Fahali alizunguka, akayumba, akalala. Kijana akasubiri, akamwendea na kamba. Ng'ombe aliyepewa dawa nusu hulala kama mtu aliyefumba macho ili asikie vizuri. Aliinuka wakati kamba inapita shingoni, akamrusha kijana kwenye uzio wa minyaa. Alivunjika mtulinga. Utomvu wa mnyaa, ambao kila mtoto wa huku ameonywa nao, ulimwingia jicho la kushoto, na kwa siku nne hatukujua kama jicho litabaki na kazi yake. Lilibaki. Fahali alikamatwa alasiri ile kwa kamba na wanaume wanane, akatibiwa, naye yupo.

Shemeji alikuja usiku. Hakuketi. Aliweka kisanduku mezani akasema, "Sindano ilidondoka kama embe." Kisha, akiwa tayari mlangoni: "Kijana anasema alifuata karatasi."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikibeba kisanduku hadi kwa fundi wa majiko ya gesi, mzee ambaye kibanda chake kipo karibu na barabara na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizuia gesi za watu zisipotelee hewani. Hakuuliza bastola ni ya nani. Alitia mtungi mpya, akapaka povu la sabuni kuzunguka kifuniko, tukainama wote wawili kutazama. Povu likaanza kutoa macho madogo, moja, mawili, kisha mengi.

"Inapumua," akasema.

Akaitoa gesi, akafungua, akaichomoa ile pete kwa ncha ya mti. Ilikuwa bapa upande mmoja, na imekatika kidogo kama ukucha. Pembeni mwa kifuniko mlikuwa na alama za meno ya plaizi.

"Nani amekaza namna hii?"

Nilimjua. Katika ukurasa wa pili wa karatasi zangu, kwa mwandiko mzuri, nilikuwa nimeandika: Kaza kifuniko mpaka mwisho. Kijitabu cha Kiingereza kilitumia maneno yenye upole, ya kuzungusha hadi vitu vigusane na kuacha hapo. Mimi nikaona upole ule ni maneno mengi, nikaupunguza. Sikufikiri juu ya tabia ya kitenzi nilichokichukua. Tangu tukiwa wadogo tunaambiwa tukaze mwendo, tukaze moyo, tukaze buti. Mama anayemtuma mtoto kisimani humwambia akaze mkono. Hata sauti tunaposisitiza silabi tunaiita mkazo. Sikumbuki kusikia mtu akisifiwa kwa kukaza kiasi. Kijana alipokisoma kitenzi hicho, na baada yake "mpaka mwisho", alifanya ambalo mtu mwaminifu angefanya. Vidole vilipochoka alichukua plaizi.

"Mpira haukazwi, Mwalimu," fundi akasema, akiigeuza ile pete kwenye mwanga. "Mpira unakaliwa."

Nimefundisha vitenzi kwa miaka kumi na tisa, na sikuwa nimewahi kuona kauli ya kutendwa ikifanya kazi nzuri kama ile.

Alikuwa na mkebe wa pete za majiko, akatafuta inayolingana, akanionya kwamba haitadumu. Kweli, siku ya pili tulipoifungua ilikuwa imevimba, haiingii tena kwenye mfuo wake. Mpira wa kawaida hunywa gesi hii. Ukitolewa ghafla kwenye msukumo, gesi iliyo ndani yake hutanuka na kuuvimbisha. Ukiuacha juu ya meza huweza kunywea tena baada ya saa kadhaa, ila hauaminiki. Nilikwenda Mwanza, nikapata kwa muuza sili za mitambo pete za poliyurethani, ngumu kidogo, rangi ya asali. Tukaweka moja. Povu halikutoa jicho hata moja. Mtungi ulikaa usiku kucha na asubuhi nguvu ilikuwa palepale.

Nilidhani tumemaliza. Tukajaza maji kwenye sindano badala ya dawa, tukaweka gunia la pumba za mpunga ukutani, fundi akafyatua. Sindano ya kwanza ilifika kwa shida. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ikatoka kwa kishindo ikazama. Tukaiacha saa nzima, tukarudia: unyonge, unyonge, kishindo. Ugonjwa wa namna hii fundi aliujua. Kama ni gesi inayovuja, alisema, kila sindano ingekuwa dhaifu kuliko iliyotangulia. Hapa kuna kitu kilicholala, kinachohitaji kuamshwa. Akafungua valvu.

Ndani kulikuwa na uji mzito wa kahawia, unaonata kama ulimbo. Akaunusa, akaninusisha. Harufu ya maandazi.

Huku kwetu ndiko pamba inakolimwa kuliko mkoa mwingine wowote nchini, na mafuta ya mbegu zake hayakosekani jikoni. Ni mafuta mazuri kwa samaki. Lakini ni katika yale ambayo yakikaa hewani kwa utando mwembamba huganda polepole na kuwa gundi. Tone moja kila mtungi, kwa miezi miwili, lilikuwa limeifunga valvu kama mlango uliopakwa rangi ukafungwa kabla haujakauka.

Sikuhitaji kuitazama karatasi. Nilikumbuka: Tia tone moja la mafuta kwenye shingo ya mtungi. Katika Kiswahili mafuta ni ya kupikia, ya taa, ya kupaka mwilini, ya gari, ya nguruwe, ya nazi, ya kuombea wagonjwa. Neno hilo peke yake ni kama kumwambia mtu alete "mti". Kijitabu kilikuwa kimetaja mafuta ya silikoni. Mimi nililifuta neno silikoni. Nililiandika, nikalisoma kwa sauti, nikaona linakwaruza sentensi, nikalifuta. Nakumbuka hata wino. Kamani na kasiba, ambazo hazikumsaidia mtu kitu, nilizibakiza.

Usafishaji wenyewe ulichukua adhuhuri moja: maji ya vuguvugu yenye sabuni, mswaki wa zamani, kitambaa kisichotoa nyuzi, na subira ya kuacha kila kipande kikauke kivulini. Fundi alinizuia nisitumie petroli wala mafuta ya taa, maana huharibu mpira. Nikapendekeza mafuta ya cherehani. Akakubali kwamba chuma kingefurahi, ila akasema ya cherehani nayo hayaelewani na kila mpira. Yule muuza sili wa Mwanza alikuwa na chupa ndogo ya silikoni, akaituma kwa basi.

Jumamosi nilikwenda kwa kijana. Nilikuwa nimeahirisha mara mbili. Mama yake alinipokea uani, "Mwangaluka, Mwalimu," nami nikaitikia nikitazama chini. Kijana alikuwa kwenye kigoda, mkono umefungwa shingoni, jicho bado jekundu. Nilianza kuomba radhi kwa maneno niliyoyapanga njiani. Akanisikiliza hadi nikaishiwa.

"Lakini karatasi yako ni nzuri, Mwalimu," akasema. "Niliikariri."

Akaisema yote, kurasa tatu, bila kukosea. Sijawahi kupata msomaji kama yule, na sidhani nitapata tena. Alipofika penye "punguza kanieneo kabla ya kufungua", mkono wake mzima ulizunguka hewani, kana kwamba unafungua kitu. Nikamsimamisha. Kanieneo ni nini?

"Si hiki kifuniko cha nyuma?"

Kwa miezi miwili alikuwa akikiita hivyo, na watoto wa boma waliokuwa wakimshikia vifaa walikuwa wamejifunza kwake. Wakimpa kanieneo, walimpa kifuniko. Alikuwa akikilegeza kidogo kwanza, kama karatasi ilivyomwagiza, gesi inatoka kwa mzizimo, kisha anafungua. Neno alikuwa amelikosa, lakini tendo alikuwa analifanya sawasawa, kwa bahati. Nilicheka, naye akacheka, akashika bega kwa maumivu.

Tuliketi hadi jua likageuka. Nilisoma kila sentensi, naye akaniambia yeye angefanya nini baada ya kuisikia, na pale alipofanya tofauti na nilivyotaka, nilifuta yangu. Presha ikarudi. Springi ikarudi. Mtutu ukarudi. Silikoni nikaiandika kwa herufi kubwa. Kisha yeye ndiye aliyeniuliza kama siwezi kuyaweka yale ya muhimu katika shairi, kwa kuwa akiwa bomani mikono ina dawa na hawezi kushika karatasi. Nikatunga ubeti mmoja palepale na kumsomea:

Mtungi utie ndani, polepole uteleze,
Vidole viwe mizani, koleo usiongeze,
Mpira ukae chini, ukigusa unyamaze,
Mafuta si ya jikoni, ya pamba uyapuuze.

Alirudia mara moja, akakwama mstari wa pili. Alikunja uso.

"Mwalimu, koleo? Mtu atakazaje bastola kwa beleshi?"

Kamusi inasema koleo ni chombo cha kubania. Lakini huku, ukimtuma kibarua koleo, atakuletea kile cha kuchotea mchanga. Niliijua maana hiyo maisha yangu yote, na bado kalamu ilikwenda kwenye kamusi kwa mazoea ya punda arudiye nyumbani. Nikahesabu kwa vidole: plaizi ina silabi tatu, koleo tatu. Mizani haikudhurika. Nikafuta, nikaandika plaizi usiongeze, na ubeti ukabandikwa ndani ya kifuniko cha kisanduku kwa gundi ya shule.

Wiki ya tano mfupa ulikuwa umeshika. Tulikutana kwa fundi, tukasimamisha gunia la pumba ukutani. Kijana alitumia mkono wa kushoto. Alitia tone la silikoni shingoni mwa mtungi, akausukuma ndani, akazungusha kifuniko kwa vidole viwili huku midomo ikicheza. Alipofika pale panapogusa, alinyamaza, akaondoa mkono.